Mfereji, chupa na imani iliyomwagika

JUZI nilikuwa Mombasa kwa jamaa zangu. Nilipoinama jikoni kunywa maji ya mfereji, mjukuu wangu alinishika mkono. "Babu, usinywe hayo, utaumwa! Ya chupa yako hapa." Nilicheka, kisha nikanyamaza. Nilipokuwa na umri wake, mfereji ndio uliokuwa fahari ya mji.

Kwa asili, mfereji ni njia iliyochimbwa ardhini ili maji yapite. Wakenya tukalihamishia jina hilo kwenye bomba, hata kwenye koki yenyewe. Wenzetu wa Tanzania husema maji ya bomba. Mombasa ni kisiwa, na visima vyake vingi vina maji ya chumvi. Mnamo 1957 ndipo lilipokamilika bomba la takriban kilomita 220 kutoka chemchemi za Mzima, Tsavo Magharibi, ambako mvua ya milima ya Chyulu huchujwa na mawe ya volkano kabla ya kububujika. Sisi watoto tulikinga viganja, tukanywa, tukaenda zetu. Nani angeuliza kama ni salama?

Basi tatizo liliingia wapi? Si kwenye chemchemi. Watu waliongezeka kuliko maji, ukaja mgao. Bomba likikaa tupu, msukumo hupotea na uchafu wa ardhini hupenya kwenye nyufa. Maji yakirudi huja nao. Tukaweka matangi juu ya paa, mengine hayaoshwi mwaka mzima. Hivyo maji huweza kutoka mtamboni yakiwa safi, yakafika kikombeni yana maradhi. Mjukuu wangu hakukosea.

Lakini chupa nayo si hirizi. Shirika la KEBS limewahi kupiga marufuku chapa za maji ya chupa zisizotimiza viwango. Na bei ya chupa moja ndogo ingelipia mamia ya lita za mfereji.

Kinachonikera zaidi ni hiki: aliyezoea chupa huacha kuulalamikia mfereji. Wenye sauti wakishajitoa, anabaki mama anayenunua debe la mkokoteni bila kujua maji yametekwa wapi. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Haikusema kila mwenye pesa.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Imani nayo haizoleki kwa matangazo. Huchotwa upya, kata kwa kata, watu wakionyeshwa matokeo ya vipimo vya maji ya mtaa wao.

Siku hiyo nilikunywa ya chupa. Ila nilimwambia mwanangu, akienda kulipa bili ya mfereji, aulize: maji haya yalipimwa lini, na yalipimiwa wapi, mtamboni au nyumbani?