Pauni Thelathini kwa Makasia

Katika mji mdogo wa Campbell River, pwani ya mashariki ya Kisiwa cha Vancouver nchini Kanada, ipo klabu ya wavuvi ambayo huingii kwa kujuana na watu wala kwa unene wa pochi. Unaingia kwa samaki. Shuka baharini, umvue samoni aina ya chinook mwenye uzito wa pauni 30 au zaidi, yaani kama kilo 13 na nusu, umlete kwenye mizani. Kengele itapigwa, na jina lako litaandikwa. Ukileta wa pauni 29, pole. Rudi kesho alfajiri.

Klabu hiyo ni Tyee Club of British Columbia, iliyoanzishwa mwaka 1924. Imevuka miaka 100, na sharti lake kuu halijalegezwa: anayevua samaki wa kuhesabiwa na klabu havui kwa mashine, anavua kwa makasia. Mshipi wake usihimili zaidi ya pauni 20, chambo kiwe cha bandia, ndoana iwe moja tu, tena isiyo na kijino. Piga hesabu mwenyewe: samaki wa pauni 40, mshipi wa pauni 20. Mvuvi wa Kilwa au Shimoni, ambaye asipopata samaki nyumbani hapapikwi, angeuliza kwa haki kabisa: mtu na akili zake anajitaabisha hivi kwa nini?

Jibu linaanzia mbali kidogo, kwa watu ambao nao walivua ili wale. Mwaka 1792, nahodha Mwingereza George Vancouver alipopita kwenye mlango bahari ulio mbele ya mji huo alikuta wenyeji. Walikuwa na mitumbwi iliyochongwa kwa magogo ya mierezi, na samoni aliyekaushwa kwa moshi ndiye aliyewavusha majira ya baridi. Neno tyee lenyewe linatoka pwani hiyohiyo. Ni neno la Chinook Jargon, lugha ya biashara iliyochanganya maneno ya makabila ya huko na Kiingereza na Kifaransa. Sisi ambao lugha yetu ilipanda majahazi na kutembea na misafara, hatuhitaji kuelezwa sana jinsi neno linavyosafiri pamoja na bidhaa. Maana yake ni chifu, mkubwa wa watu. Kwa hiyo si kila chinook ni tyee. Chini ya pauni 30 ni samaki tu. Kuanzia hapo ni chifu.

Wazungu wenye nafasi walianza kumfuata chifu huyo mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1896 Sir Richard Musgrave aliandika habari za samoni wa Campbell River katika gazeti la The Field la London, na aliyetajiwa samaki wa pauni 70 akiwa amekaa karibu na moto jijini London hakukosa kuota. Mwaka 1904 ndugu wawili wa ukoo wa Thulin walijenga hoteli ya Willows, na wageni wakawa na pa kulala. Kufikia miaka ya 1920 walikuwa wengi, kila mmoja na mshipi wake na mbinu zake, na majigambo yasiyo na mizani. Baadhi yao walitoka California, walikoizoea Tuna Club ya kisiwa cha Catalina, iliyoanzishwa mwaka 1898, ambayo iliheshimu zana nyepesi na kudharau ubabe wa kamba nene. Wakachukua wazo hilo wakalivalisha makasia.

Hapo ndipo penye utamu wa habari hii, kwa maoni yangu. Sheria iliyowekwa ili kumpa samaki nafasi iliwapa watu nafasi pia. Kwa kawaida mashua ya tyee inabeba watu wawili, mmoja kwenye makasia na mmoja na ufito. Mpiga kasia anakaa akitazama tezi, kwa hiyo mwenzake yuko mbele ya macho yake muda wote, na ncha ya ufito pia. Wanarambaza taratibu kwenye mlango wa mto ulioupa mji jina lake, chambo kikitikisika kina cha chini, mashua nyingine zikizunguka karibu bila ngurumo ya injini. Mtu anaweza kusema jambo kwa sauti ya kawaida likasikika mashua ya pili. Saa zinazopendwa ni alfajiri na magharibi, hasa maji yanapotulia kati ya kujaa na kupwa. Mara nyingi hakuna kinachotokea. Mnaongea, mnanyamaza, mnaongea tena.

Samoni anayesubiri kuingia mtoni huwa ameanza kuacha kula. Wavuvi husema anauma kwa hasira au mazoea kuliko kwa njaa, na ndiyo maana mwendo wa makasia una thamani kuliko rangi ya chambo. Akiuma, nusu nzima ya kazi ni ya mpiga kasia: kuivuta mashua nje ya kundi, kufuata samaki anapokimbilia mkondo, kulegeza pale mshipi unapolia. Mwenye ufito ndiye anayepata kifungo cha kuvaa: shaba kwa pauni 30, fedha kwa 40, dhahabu kwa 50, almasi kwa 60, yakuti nyekundu kwa 70. Mkubwa kuliko wote katika daftari la klabu alikuwa na pauni 71 na nusu, alivuliwa na Walter Shutts mwaka 1968.

Mtu aliyeuona mto huu kwa jicho kali zaidi alikuwa hakimu wa mji, Roderick Haig-Brown, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1908 na kujenga maisha yake ukingoni mwa maji hayo. Mwaka 1941 alichapisha kitabu kizima kuhusu maisha ya chinook mmoja, Return to the River. Aliandika na kupiga kelele kuhusu mabwawa hadi alipofariki mwaka 1976, na hakuwa akipiga kelele bure. Mwaka 1947 lilikamilika bwawa la John Hart, juu ya maporomoko ya Elk katika mto huo. Samoni hawakuwa wakiyapanda maporomoko hayo hata zamani, lakini bwawa lilizuia kitu ambacho watu hawakukifikiria: changarawe. Chinook hutaga mayai ndani ya changarawe, na mafuriko ndiyo yaliyokuwa yakiishusha mpya kila mwaka. Mwaka 1974 kilifunguliwa kituo cha kuzalisha samaki kwenye kijito cha Quinsam kinachoingia katika mto huo, na changarawe imekuwa ikirudishwa mtoni kwa mikono ya watu. Hata hivyo wale machifu wa pauni 60 wamekuwa adimu.

Msimu wa klabu hufunguliwa Julai 15 na kufungwa Septemba 15. Katika miezi hiyo miwili mashua nyingi hurudi pwani zikiwa tupu, mpiga kasia akiwa na malengelenge mkononi, mwenzake akiahidi kwamba kesho atapiga kasia yeye.