Mwalimu Aliyeitwa Nje ya Darasa

Katika Kaloleni, mjini Arusha, lipo jumba la kawaida ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mwishoni mwa Januari 1967 na kulipitisha Azimio la Arusha. Jumba hilo sasa ni makumbusho. Habari za miiko ya viongozi na za mabenki yaliyotaifishwa zinafahamika sana. Sisi twapenda kutazama jambo lililozungumzwa kidogo: namna siasa iliyoanzia hapo ilivyoigawanya siku ya kazi ya mwalimu.

Mwalimu asipoonekana darasani, wazazi husema ni mtoro. Historia yatuonya tusiwe wepesi wa hukumu hiyo. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliacha kufundisha Pugu mwezi Machi 1955, alipotakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa. Yeye aliondoka moja kwa moja na kwa barua. Wenzake wengi waliofuata hawakuondoka. Waliitwa nje kidogo kidogo, na jina lao likabaki katika daftari la mahudhurio.

Machi 1967 ilitangazwa Elimu ya Kujitegemea, na shule ikawa pia shamba. Mwaka 1970 ulifanywa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwalimu aliyefundisha watoto asubuhi akawafundisha wazazi wao alasiri. Matunda yake hatuwezi kuyabeza: mwaka 1967 wasiojua kusoma walikuwa karibu theluthi mbili ya watu wazima, na kufikia 1975 walipungua hata wakawa kama asilimia 39. Lakini vijijini mwenye kalamu alikuwa ni yuleyule mwalimu. Yeye ndiye aliyeandika kumbukumbu za mkutano, akashika hesabu za duka la ushirika, akahesabu watu wakati wa sensa, akasimamia kituo cha kura. Waliomtuma kazi hizo walikuwa viongozi wenye haki ya kumwamuru. Aliyebaki bila wa kumsemea ni mtoto aliyeachiwa zoezi ubaoni.

Kisha likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974, lililotaka watoto wote wa rika la shule wawe wameandikishwa kufikia 1977. Vyuo visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo mfupi. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakafundisha huku wakisomea ualimu kwa masomo ya posta na ya redio, na kwa msaada wa wakufunzi waliowazungukia. Watu wakawaita walimu wa UPE, mara nyingi kwa dharau isiyowastahili. Mtu anayefundisha na kusoma kwa wakati mmoja hana budi kuliibia mojawapo.

Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bidhaa ziliadimika na mshahara ukapoteza thamani. Hapo sababu ziligeuka. Mwalimu wa shule ya mteremkoni mwa Mlima Meru alishuka mjini kufuata mshahara au kupanga foleni ya sukari, na siku ikawa imekwisha. Migomba, kahawa na ng'ombe wa maziwa vilimlisha kuliko chaki. Je, tungemtaka afe njaa mbele ya ubao? Hata hivyo hatukubali kwamba shida humpa kila mtu ruhusa. Wako waliojifunza kukosa kazi wakati wa shida, wakaendelea kukosa shida ilipopungua.

Madai ya walimu hayakufa. Tarehe 30 Julai 2012, Chama cha Walimu Tanzania kiliitisha mgomo juu ya mishahara na posho, na mahakama ikausimamisha siku chache baadaye. Wakati huo uchunguzi wa Benki ya Dunia ulikwisha kuonyesha jambo zito zaidi. Mwaka 2010, walimu wapatao 23 katika kila 100 hawakukutwa shuleni, lakini zaidi ya nusu ya walimu wote hawakukutwa darasani. Yaani wengi walikuwapo shuleni, wametia sahihi, nao wameketi ofisini au chini ya mti. Uchunguzi uliporudiwa mwaka 2014, wasiokuwapo shuleni walikuwa wamepungua hadi karibu 14 katika 100, ila wasiokuwamo darasani walikuwa bado wanakaribia nusu. Katika siku iliyopangiwa takriban saa sita za masomo, mtoto alifundishwa kwa muda usiotimia saa tatu.