Chuma na Mti katika Sauti ya Gitaa

Wapo mafundi wasemao kwamba kila ubao wa gitaa la umeme una kinasa-mtetemo kiufaacho: ubao wenye sauti nzito upewe kinasa kikali, na ubao mkali upewe kilicho kipole. Neno hili lataka kupimwa, na Upare ni mahali pafaapo, kwa kuwa historia yake ni ya chuma na ya mti pamoja.

Kabla ya ukoloni, Washana, ukoo wa wahunzi wa Ugweno, waliyeyusha chuma, na kazi yao ilifika hata Uchagani. Kusini, katika msitu wa Shengena wilayani Same, mkulo ulikatwa kwa mbao zake njema.

Kinasa ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma utetemapo juu yake, umeme huzaliwa katika waya. Sumaku haiusikii mti, yasikia chuma. Ndiyo maana gitaa la Rickenbacker la kupakatwa mapajani, lililouzwa tangu 1932, liliweza kuwa na mwili wa alumini. Mizunguko ya waya ikizidi, sauti hupata nguvu, lakini ile nyembamba ya juu hufifia. Mti nao huupunguzia uzi mtetemo, lakini kwa kiasi kidogo.

Basi fundi atakaye sauti nyingine na aanze na nyuzi na waya, si na shoka. Waya huweza kuzungushwa upya kwa siku moja. Mkulo ulioangushwa hauna badala yake ila baada ya miaka mingi.