Fangji Mbili

Bibi yangu mzaa mama aliteswa na baridi yabisi ya magoti. Kila asubuhi alikaa kwanza ukingoni mwa kitanda, akayasugua magoti na kuyasemesha kama watoto wakaidi, ndipo anyanyuke. Siku moja mjomba akarudi toka Kariakoo na pakiti ya unga wa rangi ya udongo, maandishi Kichina mwanzo mwisho.

"Inaitwaje?" bibi akauliza.

"Dawa ya Kichina, mama. Inaondoa uvimbe."

"Nimekuuliza jina, mwanangu. Sijakuuliza kabila."

Tulicheka kweli. Bibi akaitupia pakiti juu ya kabati, na mimi, kijana wa mjini niliyejiona nimesoma, nikasema moyoni kwamba huyu mzee anabisha tu. Miaka ikapita, nikakutana na kisa cha mzizi uitwao fangji. Sijacheka tena.

Ndugu msomaji, Wachina ni watu wa kuandika. Fangji imo katika kitabu chao cha kale cha mitishamba, Shennong Bencao Jing, na tabibu Zhang Zhongjing, aliyeishi mwishoni mwa enzi ya Han kiasi cha miaka 1,800 iliyopita, aliichanganya na mzizi mwingine, huangqi, kwa wagonjwa wenye mwili uliovimba na viungo vizito. Wao wanasema viungo vimeingiwa na upepo na unyevu. Sisi tunasema baridi yabisi, na yabisi ni neno la Kiarabu, maana yake kavu. Yaani goti ni lile lile, mmoja analiona limelowa, mwingine limekauka!

Na si porojo tupu. Katika mmea ambao wataalamu wanauita Stephania tetrandra mna kemikali iitwayo tetrandrini. Maabara zimeonyesha kwamba inazipunguza kasi chembe za kinga ya mwili, zile zinazomwaga vitu vya kuwasha moto na uvimbe kwenye kiungo. Maabara si mwili wa mtu, hilo nalijua, lakini wazee wale hawakuwa wanabahatisha.

Balaa lilikuwa kwenye jina. Sokoni China kulikuwa na fangji zaidi ya moja. Kuna han fangji, ndiyo hiyo Stephania. Kuna guang fangji, ambayo ni Aristolochia fangchi, mmea wa ukoo mwingine kabisa. Ukikata mizizi, ukaikausha na kuisaga, nani atakuambia huyu ni nani? Neno dogo la mbele likidondoka njiani, basi.

Likadondoka. Mwaka 1990 kliniki moja ya kupunguza unene jijini Brussels, Ubelgiji, iliongeza unga wa mitishamba ya Kichina kwenye mchanganyiko wake, pamoja na vidonge vya kupunguza hamu ya kula. Karatasi zilisema Stephania tetrandra. Angalia hapo: dawa ya magoti na uvimbe imegeuzwa dawa ya kiuno chembamba! Zhang Zhongjing hakuandika hivyo popote. Mwaka 1992 wanawake wakaanza kufika hospitali figo zimekufa, wengine hata miaka 50 hawajafika. Daktari Jean-Louis Vanherweghem na wenzake wakagundua kwamba wote walipita mlango ule ule, wakatangaza habari hiyo mwaka 1993. Unga ulipochunguzwa, sampuli nyingi hazikuwa na tetrandrini. Zilikuwa na asidi ya aristolokia, sumu ya figo.

Waliodhurika walizidi 100. Mwaka 2000 ikatoka taarifa nyingine: kati ya wagonjwa 39 waliokubali kutolewa figo zilizokwisha kufa, 18 walikutwa na saratani ya njia ya mkojo. China yenyewe iliipiga marufuku guang fangji mwaka 2004. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita katikati.

Wapo wanaokitumia kisa hiki kuitukana tiba yote ya Kichina. Siwaungi mkono. Mzizi wa Stephania haukuua mtu pale Brussels, kwa sababu mara nyingi haukuwemo kabisa ndani ya kile kidonge. Lakini na wale wanaosema "cha asili hakidhuru" waniambie Aristolochia imetengenezwa kiwanda gani.

Bibi alifariki magoti yakimuuma vilevile. Sitadanganya kwamba ukaidi ulimponya. Tulipokuwa tunahamisha vitu nikaikuta ile pakiti juu ya kabati, haijafunguliwa, vumbi limeganda. Nikaipeleka kwa jamaa mmoja aliyesomea China. Akaigeuza, akaisoma taratibu pande zote. Imeandikwa ni ya kuondoa upepo na unyevu, akasema, itunzwe pakavu, mbali na jua.

"Na mizizi?" nikamwuliza. "Ni mizizi gani?"

Akaigeuza tena.

"Hawakuandika."