Sauti Pasipo Mkono: Historia ya Miadi ya Simu katika Matibabu ya Mivunjiko ya Mifupa, Glasgow, 1865–2020

1.0 Utangulizi

Mwaka 2011, Hospitali ya Glasgow Royal Infirmary iliyopo Uskoti ilianzisha utaratibu mpya wa kuwahudumia watu waliovunjika mifupa. Kabla ya hapo, mgonjwa aliyetoka idara ya dharura alipangiwa siku ya kurudi kliniki, hata kama jeraha lake lilikuwa dogo. Katika utaratibu mpya, daktari bingwa alitazama picha ya eksirei na maelezo ya mgonjwa pasipo mgonjwa mwenyewe kuwapo, kisha muuguzi akampigia simu nyumbani. Mfano huo ulienea katika hospitali nyingi za Uingereza, na mlipuko wa UVIKO-19 ulipotokea mwaka 2020, miadi ya simu ikawa jambo la kawaida katika idara za mifupa.

Jambo hili linaibua swali la kihistoria. Alexander Graham Bell alipata hataza ya simu mwaka 1876. Kwa nini basi ilichukua miaka 135 kwa mgonjwa wa mfupa kuhudumiwa kwa simu katika hospitali hiyo? Makala haya yanajenga hoja kwamba kikwazo hakikuwa simu. Mambo matatu yalipaswa kubadilika kwanza: picha ya mfupa, kifaa cha kuutuliza mfupa, na imani kuhusu nani anayehitaji kuguswa na daktari. Aidha, makala yanaonesha kwamba matumizi ya simu ya mwaka 2011 na yale ya mwaka 2020 yalitokana na misingi miwili tofauti, na kuyachanganya ni kosa lenye madhara kwa mgonjwa.

2.0 Mfupa, Jasi na Kioo

Hospitali hiyohiyo ya Glasgow ina nafasi ya pekee katika historia ya mivunjiko. Mwezi Agosti 1865, Joseph Lister alimpokea hapo James Greenlees, mtoto wa miaka 11 aliyevunjwa mguu na gurudumu la mkokoteni, mfupa ukiwa na jeraha la wazi. Katika zama hizo jeraha la namna hiyo mara nyingi liliishia kwa kukatwa kiungo au kifo. Lister alilifunika kwa kitambaa kilicholoweshwa asidi ya kaboliki, na baada ya wiki 6 hivi mfupa ulikuwa umeunga. Ushindi huo ulitokana na dawa, lakini ulitegemea pia uangalizi wa karibu: kidonda kilifunuliwa, kikatazamwa, kikafungwa tena.

Wakati huo plasta ya jasi, iliyobuniwa na daktari wa jeshi wa Uholanzi, Antonius Mathijsen, na kutangazwa mwaka 1852, ilikuwa imeanza kutumika Ulaya. Plasta ilimpa mgonjwa uwezo wa kuondoka kitandani. Hata hivyo, ilizaa sharti jipya. Kiungo kilichovimba ndani ya plasta huweza kukosa damu. Uvimbe ukipungua, plasta hulegea na mfupa ukahama. Zaidi ya hayo, plasta haivuliki kwa mkono, hivyo aliyefungwa alilazimika kurudi ili afunguliwe. Kwa maana hiyo, ziara ya kurudi hospitalini ilizaliwa pamoja na plasta.

Eksirei iliimarisha sharti hilo. Wilhelm Röntgen aligundua miale hiyo mwishoni mwa mwaka 1895, na mwaka 1896 John Macintyre alianzisha katika hospitali ya Glasgow idara ya eksirei iliyokuwa miongoni mwa za kwanza duniani. Mfupa sasa ulionekana bila kupasua ngozi. Lakini picha yenyewe ilikuwa kitu cha kushikika: kwanza kioo, baadaye filamu. Ilikaa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Ili uamuzi wa kitabibu ufanyike, mgonjwa, picha na daktari walipaswa kukutana katika chumba kimoja.

3.0 Kliniki na Foleni Yake

Mwanzoni mwa karne ya 20, waliovunjika mifupa nchini Uingereza walitawanywa katika wodi mbalimbali za upasuaji, na wengi walibaki na ulemavu ambao ungeweza kuzuiwa. Mfano wa kuigwa ulitoka Vienna, ambako Lorenz Böhler alifungua hospitali ya majeruhi wa ajali mwaka 1925 na kusisitiza kwamba mgonjwa afuatiliwe na timu moja tangu siku ya ajali hadi atakaporejea kazini. Mwaka 1935, kamati ya Chama cha Madaktari cha Uingereza ilipendekeza kuanzishwa kwa kliniki maalumu za mivunjiko. Mfumo wa Taifa wa Huduma za Afya ulipoanza tarehe 5 Julai 1948, huduma hiyo ikawa haki ya kila mkazi bila malipo.

Mafanikio hayo yalibeba mzigo wake. Kanuni iliyokusudiwa kumlinda mgonjwa dhidi ya kusahauliwa iligeuka kuwa desturi ya kumrudisha kila mtu. Mwenye kidole kilichovunjika na mwenye nyonga iliyosagika walipita mlango mmoja. Mtu mwenye mguu ndani ya plasta alitafuta usafiri, akakosa mshahara wa siku, akasubiri ukumbini, kisha akaambiwa kwa dakika chache kwamba mfupa unaendelea vizuri.

Katika kipindi chote hicho simu ilikuwapo. Mwaka 1879 jarida la *Lancet* lilieleza kisa cha daktari aliyesikiliza kikohozi cha mtoto kwa simu usiku. Mwaka 1998 serikali ilianzisha nchini Uingereza huduma ya NHS Direct, ambamo wauguzi walitoa ushauri kwa simu. Lakini kikohozi husikika, mfupa hausikiki. Katika kliniki ya mivunjiko, simu ilitumika kupanga au kuahirisha tarehe. Matibabu yenyewe yalisubiri ana kwa ana.

4.0 Mageuzi ya Mwaka 2011

Katika muongo wa kwanza wa karne ya 21, hospitali za Uingereza zilihamisha picha za eksirei kutoka kwenye filamu hadi kwenye kompyuta. Picha moja iliweza kutazamwa na madaktari kadhaa katika vyumba tofauti, na kwa mara ya kwanza ikatengana na mwili wa mwenyewe. Wakati huohuo, magango mepesi na viatu maalumu vya kufunga na kufungua vilichukua nafasi ya plasta kwa majeraha mengi madogo. Mgonjwa aliweza kulivua gango nyumbani kwake kwa mkono wake.

Glasgow iliunganisha mabadiliko hayo na badiliko la tatu, ambalo ni la fikra. Madaktari walikiri kwamba baadhi ya mivunjiko huunga vizuri iwe imetazamwa tena au la: mfupa wa kifundo cha mkono wa mtoto uliobonyea bila kukatika, shingo ya mfupa wa kiganja chini ya kidole cha mwisho, kitako cha mfupa wa tano wa unyayo. Wenye majeraha ya namna hiyo waliruhusiwa moja kwa moja kutoka idara ya dharura, wakipewa gango, kipeperushi cha maelezo na namba ya simu ya kuuliza wakipata shida. Wengine walipitiwa na daktari bingwa kupitia kompyuta, kisha wakapigiwa simu: ama waliruhusiwa, ama walielekezwa kwa bingwa anayehusika na jeraha lao. Ikumbukwe kwamba mgonjwa alikuwa tayari ameguswa mara moja katika idara ya dharura. Simu ilikuja baada ya mkono.

5.0 Kisichosikika

Hapo ndipo tofauti na mwaka 2020 inapojitokeza. Mwezi Machi mwaka huo, hospitali zilipunguza mikutano ya ana kwa ana ili kuzuia maambukizi. Simu ikatumika kwa wenye maumivu sugu ya magoti na nyonga, kwa waliotoka kufanyiwa upasuaji, na hata kwa ambao hawakuwa wamepimwa na mtu yeyote. Kigezo cha mwaka 2011 kilikuwa aina ya jeraha. Kigezo cha mwaka 2020 kilikuwa hatari ya kukutana.

Mfano wa mfupa wa skafoidi uliomo katika kifundo cha mkono unadhihirisha uzito wa tofauti hiyo. Ufa wake huweza usionekane katika picha ya kwanza. Dalili kuu ni maumivu yanayotokea daktari anapobonyeza kishimo kilicho chini ya kidole gumba. Usipotambuliwa, mfupa huweza kukosa kuunga au sehemu yake ikafa kwa kukosa damu, na kifundo kikaharibika kwa maisha yote. Hakuna swali la simu linaloweza kuchukua nafasi ya kidole hicho kinachobonyeza.

Vilevile, simu humtaka mgonjwa awe shahidi wa mwili wake mwenyewe. Kiziwi, mgeni asiyeijua lugha ya nchi, na mzee mwenye kusahau huwekwa katika hali ngumu zaidi kuliko mwenye ufasaha. Katika chumba cha kliniki, mtu aliyesema “sijambo” huku akichechemea alionekana. Katika simu husikika “sijambo” pekee.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba historia ya miadi ya simu katika matibabu ya mifupa ni historia ya kutenganishwa hatua kwa hatua kwa vitu vitatu vilivyokuwa pamoja: mgonjwa, picha yake na daktari wake. Faida ya utengano huo ni ya kweli. Imewaondolea wengi safari zisizo na tija na kuwapa madaktari muda wa kuwashughulikia wenye majeraha mazito. Hata hivyo, utaratibu wa Glasgow ulifaa kwa sababu ulianza kwa kuuliza ni jeraha gani linaloweza kuachwa bila kuguswa tena. Hospitali yoyote inayoazima simu bila kuazima swali hilo itakuwa imepunguza foleni ukumbini, na kuwaacha baadhi ya waliokuwa wakisubiri humo wakiwa na mivunjiko ambayo hakuna aliyeigusa.