BIOLOJIA KWA VITENDO

Mbinu ya kuwafundisha wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili elimu ya viumbe hai kwa kuwashikisha vitu vyenyewe badala ya kuwakaririsha maandishi ya ubaoni. Katika ghuba ya Kiswere, iliyo baina ya Kilwa na Lindi, maabara iliyo karibu kuliko zote ni mikoko, ambako maji yakipwa mwanafunzi huona kwa macho yake mizizi ya mchu ikichomoza matopeni kutafuta hewa, na jani lake likiwa na chembe za chumvi iliyotolewa na mti, ilhali mbegu ya mkoko huota ingali inaning'inia tawini, ajabu ambayo vitabu huieleza kwa taabu.

Jaribio mashuhuri ni lile la wanga: jani huchemshwa majini, kisha hutiwa katika spiriti inayopashwa ndani ya chombo cha maji ya moto, wala si juu ya moto wenyewe, kwani mvuke wake hushika moto upesi; likiisha kupauka huoshwa na kudondoshewa ayodini, na palipo na wanga hugeuka buluu iliyokoza mpaka kukaribia weusi.

Masomo ya sekondari nchini Tanzania aghalabu hufundishwa kwa Kiingereza, hivyo mwalimu mwenye hekima huwaachia wanafunzi wataje kwanza aina za mikoko kama mchu, mkandaa na msinzi kwa majina waijuayo nyumbani. Mtihani wa taifa wa Biolojia wa kidato cha nne nao huwa na karatasi ya vitendo.