Tambiko la Shujaa

Heros wa Kigiriki hutafsiriwa shujaa, na katika masimulizi ya vita vya Troy neno hilo linatosha. Kwenye dini linapwaya. Huko heros ni marehemu, mara nyingi mfalme wa visaasili, anayeaminika kuwa na nguvu hata kaburini: akitunzwa huukinga mji, akipuuzwa huudhuru. Anayofanyiwa yakiitwa ibada ya shujaa, anawekwa safu moja na Zeus. Mimi naona tambiko la shujaa ndiyo istilahi inayofaa.

Wagiriki wenyewe walikuwa na vitenzi viwili: thuein, kuwachinjia miungu, na enagizein, kuwatolea wafu. Mpaka kati ya miungu na wafu ulionekana wazi Olympia, ambako Pelops, mfalme aliyeipa Peloponnese jina, alikuwa na kiwanja chake kitakatifu jirani na hekalu la Zeus. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK, anasema kila mwaka watawala walimchinjia Pelops kondoo dume mweusi. Mtabiri hakupata kitu. Mkata kuni alipewa shingo. Na aliyeila nyama hiyo hakuruhusiwa kuingia kwa Zeus.

Kwingine mpaka haukuwa mkali hivyo. Maandishi ya mawe ya Attica yanaonyesha mashujaa wengi wakichinjiwa na nyama ikaliwa karamuni kama ya miungu. Hilo haliniondoi kwenye tambiko, ambalo nalo lina karamu yake. Kinachonishikilia hapo ni kaburi. Zeus huombwa popote, lakini shujaa yupo mifupa yake ilipo.

Ndiyo maana mifupa iliibwa. Mwanahistoria Herodotus anasimulia kuwa Wasparta, waliochoka kushindwa na mji wa Tegea, waliagizwa na kituo cha uaguzi cha Delphi waitafute mifupa ya Orestes, mwana wa Agamemnon. Huko Tegea, Lichas wa Sparta alikutana na mhunzi aliyechimba kisima uani kwake akakuta jeneza la dhiraa saba. Lichas akaupanga ule ua, akafukua, akaondoka na mzigo. Tangu hapo Sparta ikawa inashinda. Athens nayo, miaka ya 470 KK, ilimleta Theseus, mfalme wake wa visaasili, kutoka kisiwa cha Skyros kwa mkono wa jemadari Cimon.

Mahali penyewe pa tambiko, heroon, panaweza kuitwa mzimu, kwani kwetu neno hilo hutaja roho ya marehemu na pia mahali anapotambikiwa. Ila nisingelibandika kwa Erechtheion ya Athens, jengo la marumaru ambamo mfalme Erechtheus alikaa nyumba moja na Athena. Hilo ni hekalu.